Sinia tupu: nadharia tatu za mawasiliano ya familia katika nyumba moja ya jumbe

Kikundi chetu cha maigizo hukutana Ngamiani, mjini Tanga, kwenye ukumbi wa kuazima. Mwaka huu tunatayarisha mchezo usio na vita jukwaani, usio na jini wala mwizi. Una nyumba moja ya kiungwana na watu sita ambao hawaambiani neno la maana. Wiki ya pili tu ya mazoezi, kijana anayeandika tasnifu yake kuhusu mchezo huu alinikalisha kitako: kuna nadharia tatu za mawasiliano ya familia, zote zinamvutia, na msimamizi wake anataka moja. Mwigizaji anayecheza binti naye akadakia kwamba yeye anaitaka ile itakayomwambia mikono yake aiweke wapi. Hayo ni mahitaji mawili tofauti kabisa, na nadhani ndipo wengi wanapokwama. Wanalinganisha nadharia kabla ya kujua wanaitakia kazi gani.

Nadharia bila nyumba haionekani, kwa hiyo tuingie nyumbani kwanza.

Nyumba ya Mkunguni

Mkunguni ni mji wa kubuni. Nimeuweka pwani kati ya Tanga na Pangani, mwaka 1887, mwaka mmoja kabla ya vita ya Bushiri dhidi ya Wadachi, yaani Wajerumani, kuwaka Pangani. Mkuu wake ni Jumbe Mwinyihaji. Majumbe walikuwepo kweli katika Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja: wakuu wa miji ya pwani, wenye heshima zao na fungu lao katika biashara, huku Sultani wa Unguja akiweka liwali wake, yaani gavana, katika miji mikubwa kama Pangani. Mkewe ni Bi Mwanakheri. Mtoto wa kwanza, Mwinyimkuu, ndiye wa kushika kiti. Binti ni Mwanaidi, anayekaa ndani tangu alipovunja ungo. Kisha kuna Sefu, mwana wa suria. Kwa sheria ya dini ni mwana halali kama ndugu zake. Kwa macho ya mji ni jambo jingine, na jambo hilo halisemwi. Wa sita ni somo wa Mwanaidi, mwanamke asiye wa damu aliyemfunda, ambaye kila habari iingiayo na itokayo ndani hupita mikononi mwake.

Msafara wa pembe za ndovu alioulipia Jumbe haujarudi. Fedha alikopa kwa mfanyabiashara wa Pangani na kuweka rehani shamba la minazi. Hati aliiandika Sefu, kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko, kisha akaambiwa afunge mdomo. Sasa mdai yuko tayari kusamehe nusu ya deni iwapo Mwanaidi ataolewa na mpwa wake. Jumbe hamwambii binti. Anamwambia mkewe kwamba "kuna neno". Mkewe anamwambia somo, na somo anamwambia Mwanaidi huku akimsuka nywele.

Jioni hiyo mpwa wa mdai ni mgeni barazani. Sinia la wali linatoka ndani, limefunikwa kawa kama kawaida. Mwanaidi ndiye aliyepakua. Jumbe anafunua, na sinia ni tupu. Analifunika tena, ananawa mikono, anasema alhamdulillahi.

Hilo ndilo onyesho nitakalolitumia kupima. Nadharia isiyo na la kusema kuhusu sinia hilo haina haja ya kuja mazoezini.

Vigezo

Kila nadharia nitaiuliza mambo yaleyale. Kwanza, swali lake: inatafuta nini hasa ndani ya familia? Pili, chakula chake: inahitaji ushahidi gani kutoka kwenye hadithi ili ifanye kazi? Tatu, inakisikiaje kisichosemwa? Kigezo hiki nimekipa uzito mkubwa kuliko vingine, na nakiri ni upendeleo wangu, kwa sababu katika nyumba za kiungwana za pwani maneno mazito hayaendi wima. Nne, inakipa cheo nafasi gani? Familia ya jumbe ni familia na ni serikali kwa wakati mmoja. Tano, jasho: itakuchukua siku ngapi kuielewa vya kutosha ili usiiaibishe?

Ya kwanza: mazungumzo na utiifu

Nadharia hii ya mifumo ya mawasiliano ya familia ilianzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa Jack McLeod na Steven Chaffee. Wao walitaka kujua familia zinavyopokea habari za vyombo vya habari. Mwaka 1990 David Ritchie na Mary Anne Fitzpatrick waliigeuza ili ipime mazungumzo ya nyumbani yenyewe, na Ascan Koerner akiwa na Fitzpatrick wakaja kuipa umbo inalofahamika nalo leo.

Swali lake ni mawili tu. Je, watu wa nyumba hii huzungumza kwa uhuru kuhusu mambo mengi? Na je, watoto hutakiwa kuwa na fikra moja na wazazi wao? Ukiyapishanisha majibu unapata nyumba za aina nne. Kuna nyumba ya makubaliano, ambamo mazungumzo ni mengi na utiifu ni mwingi: mtaongea sana, lakini mwisho baba ndiye anayeamua na mnaelezwa kwa nini. Kuna nyumba ya mjadala, yenye mazungumzo mengi na utiifu mdogo. Kuna nyumba ya ulinzi, mazungumzo machache na utiifu mwingi. Na kuna ile ya kila mtu na lwake, ambamo vyote viwili ni haba.

Chakula chake ni dodoso la sentensi 26, kati yake 15 ni za mazungumzo na 11 ni za utiifu, na lina toleo la mzazi na toleo la mtoto. Kwa hadithi ya kubuni unalijaza kwa niaba ya wahusika. Tulifanya hivyo: aliyecheza Jumbe akajaza la mzazi, na waliocheza watoto watatu wakajaza ya watoto. Jumbe aliiona nyumba yake kuwa ya makubaliano. Mwinyimkuu aliiona karibu vilevile. Mwanaidi na Sefu waliiona ya ulinzi mtupu. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea, maana pale mezani ilionekana wazi kwamba chini ya paa moja wanakaa watu wa nyumba mbili, na mrithi wa kiti hajui kuwa ya pili ipo.

Kwenye kisichosemwa, hapa ndipo inapoyumba. Sinia tupu itaandikwa kuwa ushahidi wa mazungumzo machache, ilhali ndiyo sentensi ndefu kuliko zote katika mchezo mzima. Unaweza kuitetea kwa kusema kwamba mfumo wa ulinzi ndio unaomlazimu binti aseme kwa sinia, na utetezi huo una haki. Hata hivyo nadharia yenyewe haikupi njia ya kulisoma sinia. Inakuambia kwa nini mdomo umefungwa, kisha inakuacha hapo.

Cheo inakielewa, kwa kuwa utiifu ndio mhimili wake mmoja. Wanaolelewa katika nyumba za ulinzi, wanasema Koerner na Fitzpatrick, hujifunza kwamba mazungumzo hayana faida kubwa na huwa wepesi wa kumsikiliza mwenye mamlaka yeyote. Hilo linamweleza Mwinyimkuu vizuri kwa mwaka unaofuata, Wadachi watakapokuja na bendera yao. Shida ni kwamba inatazama zaidi mzazi na mtoto. Somo hana sehemu ya kukaa kwenye dodoso, na katika nyumba yetu somo ndiye njia kuu.

Jasho ni dogo. Kwa siku mbili umeielewa, kwa siku ya tatu unaitumia. Inamfaa anayelinganisha familia mbili au tatu, mathalani nyumba ya jumbe na nyumba ya mvuvi katika riwaya moja, na anayehitaji jedwali ambalo msimamizi hatabishana nalo. Inamfaa pia mwongozaji anayetaka kujua joto la nyumba kabla ya kuanza kupanga watu jukwaani.

Ya pili: familia kama mfumo

Ukivuta fundo moja la jarife, wavu wa kuvulia, mafundo mengine hujongea hata kama hukuyagusa. Murray Bowen, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliitazama familia hivyo. Katika miaka ya 1950 aliwahi kuwalaza wodini watu wa familia nzima pamoja na mgonjwa wao ili awaangalie wanavyoishi. Nadharia yake ilitoka kwenye tiba, lakini wasomi wa mawasiliano nao wameitumia.

Swali lake: wasiwasi wa nyumba hii unakaa wapi, na unabebwa na nani? Katika dhana zake nane, inayoleta mavuno mengi kwenye hadithi ni ya pembetatu. Watu wawili wenye mvutano hawakai wawili kwa muda mrefu; humwita wa tatu aubebe mzigo. Tazama Mkunguni: Jumbe na Bi Mwanakheri hawajazungumzia deni hata siku moja, ila wote wawili wana mengi ya kusema kuhusu ndoa ya Mwanaidi. Binti amekuwa mahali pa kutua mzigo ambao si wake.

Chakula chake ni vizazi. Unachora ukoo walau vizazi vitatu na kutia alama ya ugomvi, ukimya na kukata uhusiano. Mwandishi ambaye hajui baba yake Jumbe alikuwa mtu wa namna gani atalazimika kumtunga. Nilipomtunga marehemu (kwamba naye aliwahi kulipa deni kwa kumwoza dada yake Jumbe, na dada huyo hakurudi tena kwao), onyesho la kunawa mikono lilibadilika kabisa. Jumbe hashangai kuliona sinia tupu, maana amewahi kuliona akiwa mtoto.

Kisichosemwa inakisikia vizuri. Kwake hakuna kitendo kisicho na maana ndani ya mfumo, na sinia ni mfumo unaorudisha mzigo kwa mwenyewe.

Kwenye cheo na mila, ukae macho. Bowen alithamini sana mtu kuwa na nafsi iliyojitenga kiasi cha kufikiri kwa utulivu wake hata familia inapochemka. Ukiichukua fikra hiyo nzimanzima uje nayo pwani, utamwona kila mshenga ni dalili ya ugonjwa. Hapa mtu wa tatu amewekwa na adabu. Baba hazungumzi na binti yake mambo ya ndoa ana kwa ana. Kuna somo, kuna shangazi, kuna bibi mwenye ruhusa ya utani. Kijana wetu wa tasnifu aliandika kurasa nne akimwita somo "pembetatu ya wasiwasi". Nilimwomba ajiulize somo alikuwa anabeba nini kabla ya deni. Kama alibeba salamu, mafunzo na maneno ya unyago, hiyo ilikuwa mila. Kama leo anabeba bei ya shamba la minazi bila kujua kwamba anaibeba, hapo Bowen anapata la kusema. Mpagazi ni yuleyule, kilichobadilika ni mzigo.

Jasho ni jingi. Wiki kadhaa, na hatari ya kugeuka daktari wa watu wasiokuwepo. Inamfaa mwandishi wa riwaya ndefu au mfululizo wa redio wenye vizazi, na mtu ambaye hadithi yake ina jambo linalojirudia na yeye hajui kwa nini linajirudia. Mwigizaji pia hunufaika, kwa sababu huondoka akijua amebeba mzigo wa nani.

Ya tatu: mipaka ya siri

Sandra Petronio, naye wa Marekani, alianza kuijenga nadharia hii ya kusimamia faragha kabla ya miaka ya 1990 kushika kasi, akaikusanya katika kitabu mwaka 2002. Msingi wake ni kwamba mtu huiona habari yake ya ndani kama mali. Anayeambiwa huwa mwenza katika mali hiyo, na pamoja nayo anapokea masharti: nani aambiwe, kiasi gani, lini. Masharti yakieleweka vibaya au yakivunjwa, mpaka hutikisika.

Swali lake, basi: siri hii ni ya nani, nani amegawiwa, na kwa sharti lipi? Petronio anataja mambo yanayoathiri masharti hayo, yakiwemo utamaduni, jinsia, sababu za mtu mwenyewe, mazingira, na uzito wa hatari dhidi ya faida.

Chakula chake ni orodha ya siri. Kaa na karatasi, andika kila jambo lililofichwa, na chini yake majina ya wanaolijua na namna walivyolijua. Kwetu orodha ilikuwa na siri mbili tu, deni na kukataa kwa Mwanaidi, na ikaonyesha kitu ambacho mimi niliyetunga mchezo sikukiona. Mgeni barazani analijua deni lakini hajui kwamba binti amekataa. Watu wa ndani wanajua binti amekataa lakini hawalijui deni. Kawa linapofunuliwa, siri zote mbili zinakutana juu ya sinia moja, na mtu pekee anayezijua zote mbili kwa ukamilifu ni Sefu, ambaye hakuna aliyemtazama. Tangu siku hiyo tumemhamisha Sefu kutoka ukutani tukamketisha karibu na birika la kunawia.

Sefu hakuomba kuambiwa. Aliingizwa katika siri kwa sababu ya mwandiko wake. Nadharia hii inamjua mtu wa namna hiyo, mwenza aliyebebeshwa siri asiyoitaka, kuliko nyingine zote ninazozifahamu. Waswahili tumezoea kusema siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa swali ni kata inafanya nini na siri hiyo ikiwa haikupenda kuteka.

Kisichosemwa ni uwanja wake wa nyumbani, kwa sharti kwamba kuna kilichofichwa. Hapa niingize la kando. Mwanafunzi mmoja alipendekeza Mwanaidi atoe ujumbe kwa kanga yenye maneno. Wazo zuri, mwaka mbaya: maneno kwenye kanga yalianza karne ya 20, na sisi tuko 1887. Ndipo sinia likazaliwa. Lakini kwa hadithi ya siku zetu, nadharia hii inafaa sana kwa kanga, kwa sababu kanga husema mbele ya watu wote na bado humwacha mvaaji akiwa na haki ya kudai hajamsema mtu.

Kwenye cheo ina pengo. Inadhani siri ina mwenyewe, mtu fulani. Deni la Jumbe ni la nani? Angekuwa mvuvi, lingekuwa lake. Kwa kuwa ni jumbe, likijulikana kinachoanguka ni kiti, na kiti si chake peke yake. Bi Mwanakheri anaweza kudai haki ya kujua, si kama mke tu, bali kama mtu wa ukoo wenye kiti hicho. Unaweza kuipanua nadharia ifike huko, ila ujue unaipanua mwenyewe. Vilevile inamchukulia mtu kama anayepima hasara na faida, wakati Sefu ananyamaza kwa kitu kilichochanganyika shukrani na woga ambacho hata yeye hajakipima.

Jasho ni la wastani, kama wiki moja. Inamfaa mwandishi ambaye mchezo wake una fumbo, na anayeandika tasnifu kuhusu hadithi fupi, maana haidai babu na bibi ambao mwandishi hakuwaandika. Familia isiyo na siri haitapata kitu hapa.

Ipo ya nne ambayo watu huniuliza, ya mivutano ya Leslie Baxter na Barbara Montgomery, ya mwaka 1996, iliyochota kwa Mrusi Mikhail Bakhtin: mtu anataka kuwa karibu na pia awe huru, anataka kusema na pia kuficha, na mvutano hauishi. Naipenda kwa mahaba na ndoa. Kwa nyumba ya jumbe inasema mengi kuhusu Mwanaidi na kidogo kuhusu wengine, kwa hiyo sikuiweka kwenye mizani hii.

Kwa hali yako

Kama una muda mfupi na msimamizi anayependa majedwali, chukua ya mazungumzo na utiifu. Usijaze dodoso moja kwa familia nzima. Jaza kwa kila mhusika, kisha andika kuhusu tofauti. Kama hadithi yako ni fupi na wazazi wa wazazi hawatajwi, usimguse Bowen, utajikuta unatunga ili nadharia ipate chakula. Kama ni riwaya ndefu, au kuna kosa la babu linalomrudia mjukuu, hakuna atakayekusaidia zaidi yake, mradi usimwite kila mshenga mgonjwa.

Ukiwa na mhusika anayejua jambo na hasemi, mwendee Petronio kwanza hata kama baadaye utahama. Orodha ya siri huchukua saa moja, na haijawahi kunirudisha mikono mitupu.

Kuchanganya mbili kunawezekana, kama kila moja ina swali lake. Kijana wa tasnifu ameamua swali lake ni kwa nini Mwinyimkuu haoni kinachoendelea, hivyo amechukua ile ya kwanza, na nadhani amechagua sawa ingawa si niliyoitaka mimi. Aliyecheza Mwanaidi amechukua pembetatu. Sasa akipakua, haitazami baraza. Humtazama mama yake, ambaye anaona sinia linafunikwa bila wali na hasemi neno. Mikono yake amejua pa kuiweka: mmoja juu ya kawa, mpaka somo aje kulichukua sinia.

Tatizo limebaki kwa anayecheza Sefu. Anataka kujua kama, Jumbe akisema alhamdulillahi, yeye aitikie au anyamaze. Tumejaribu yote mawili. Jumamosi tunajaribu tena, na safari hii yeye ndiye atakayemmiminia Jumbe maji ya kunawa.